Barua ya wazi: Mama hachagui jinsia ya mtoto, semeni hivyo kliniki

KWA: Waheshimiwa wenye dhamana ya afya, elimu, utangazaji na mambo ya dini, Zanzibar

KUTOKA: Mwalimu mstaafu wa Baiolojia, Wete, Pemba

YAH: WANAWAKE KUADHIBIWA KWA KUZAA WATOTO WA KIKE

Waheshimiwa,

Assalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Nakuandikieni kwa heshima, na nakuandikieni hadharani kwa sababu njia za kimya nimeshazimaliza. Nilianza kwa sheha, akanisikiliza vizuri na akanielekeza kwa walio juu yake. Huko nilipeleka barua kwa mkono wangu, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala ninayo. Nilipokwenda kuulizia nikajibiwa kwamba niliyoyaandika ni mambo ya ndani ya nyumba za watu na ofisi haiwezi kuyaingilia. Kwenye kituo cha afya nikaambiwa kwamba wao hawajapewa maelekezo yoyote ya kuwaambia watu habari hizo. Tangu hapo ni kimya.

Jambo lenyewe ni hili. Katika vijiji vyetu kuna wanawake wanaosimangwa, wanaonyimwa matumizi na wanaoachwa kwa kosa la kuzaa watoto wa kike. Kosa hilo hawakulitenda, na hakuna mwanamke duniani anayeweza kulitenda. Elimu ya kuthibitisha hivyo ina zaidi ya miaka mia moja. Nyinyi mnayo, mmeiweka katika vitabu vya skuli, na watumishi walio chini yenu waliisoma walipokuwa chuoni. Lakini haifiki pale inapotakiwa kufika, yaani kwa mume, kwa mama mkwe na kwa wifi, kwa Kiswahili cha kawaida, kabla mtoto hajazaliwa.

Nimefundisha Baiolojia katika skuli za sekondari hapa Pemba mpaka nilipostaafu, kwa hiyo niruhusuni nianze na somo lenyewe, maana malalamiko yote yatakayofuata yamesimama juu yake.

Chembe hai za mwili wa binadamu kwa kawaida zina kromosomu 46, yaani nyuzi ndogo zinazobeba urithi, zikiwa jozi 23. Jozi 22 ni za namna moja kwa mwanamke na kwa mwanamme. Tofauti iko kwenye jozi ya 23: mwanamke ana X mbili, mwanamme ana X moja na Y moja. Mwili unapotengeneza yai au mbegu ya uzazi, kila jozi hutengana na nusu yake tu ndiyo inayopita. Yai la mama, liwe la mwezi gani, linabeba X, kwa sababu mama hana kingine cha kutoa. Mbegu za baba ziko za aina mbili, takriban nusu zimebeba X na nusu zimebeba Y. Katika mamilioni ya mbegu zinazotoka kwa mara moja, ni moja tu inayoingia ndani ya yai. Ikiwa hiyo imebeba X, mtoto atakuwa mwanamke. Ikiwa imebeba Y, mtoto atakuwa mwanamme. Jambo hilo linakwisha hapo hapo, siku nyingi kabla mama mwenyewe hajajua kuwa ana mimba.

Haya yalianza kuonekana wazi mwaka 1905. Bibi mmoja mtafiti wa Marekani, Nettie Stevens, alikuwa akichunguza kwa darubini chembe za wadudu wanaoishi kwenye unga. Akaona kwamba majike yana kromosomu 20 kubwa, na madume yana 19 kubwa na moja ndogo. Akaona pia kwamba madume yanatoa mbegu za aina mbili, zenye ile kubwa na zenye ile ndogo, na akaelewa kwamba hapo ndipo jinsia inapopangwa. Mwaka huo huo mtafiti mwenzake wa Marekani, Edmund Wilson, alifika kwenye jibu linalofanana na lake. Kabla yao wataalamu wengi wa Ulaya walikuwa wakifundisha kwamba jinsia inatokana na chakula cha mama na joto la mwili wake. Wao waliliacha wazo hilo zamani. Sisi bado tunalihukumia watu.

Mwaka 1990 watafiti wa London walikwenda mbele zaidi wakaipata jeni yenyewe, yaani kipande cha kromosomu chenye maelekezo ya urithi, iliyoko kwenye Y, wakaiita SRY. Mpaka kwenye wiki ya sita hivi, mimba ya mwanamme na ya mwanamke hazitofautiani kwa maumbile. Zote zina mwanzo wa viungo vya kike na vya kiume. Baada ya hapo jeni hii, ikiwepo na ikifanya kazi, huamrisha tezi za uzazi ziwe korodani, na korodani zikaanza kutoa homoni zinazolijenga umbo la kiume. Isipokuwepo, tezi zile zile huwa ovari, yaani viungo vya mayai. Mwaka uliofuata walimtilia jeni hiyo panya aliyekuwa awe jike, akakua kuwa dume. Hakuna mahali katika kazi yote hii panapoingia mwendo wa mama, ulalaji wake, kuchukia kwake samaki au kutamani kwake maembe mabichi.

Naongeza neno kidogo kuhusu kuku, kwa sababu nimewasikia wazee barazani wakitoa mfano wa kuku kumhukumu mke wa mtu. Ni kweli kwamba kwa kuku anayeamua ni mama. Jogoo ana kromosomu mbili za namna moja, jike ndiye mwenye za namna mbili, kwa hiyo yai lake ndilo linaloleta tofauti. Kasa anayekuja kutaga kisiwani Misali naye ana utaratibu wake: joto la mchanga ndilo linaloamua, mchanga wa moto zaidi hutoa majike na wa baridi zaidi hutoa madume. Mwenyezi Mungu ameumba kwa njia nyingi. Binadamu si kuku wala kasa, na njia aliyoumbiwa binadamu inajulikana.

Sasa hesabu. Duniani huzaliwa takriban watoto wa kiume 105 kwa kila watoto wa kike 100, kwa hiyo kila uzazi ni karibu nusu kwa nusu. Wachukueni wanawake 16, kila mmoja awe amezaa mara nne. Kwa kawaida mmoja kati yao atakuwa na mabinti wanne watupu, na mwengine atakuwa na wavulana wanne watupu, bila ya mtu yeyote kufanya lolote. Mama wa wavulana wanne tunamwita mwenye bahati. Mwenziwe tunamwita mkosi. Na akibeba mimba ya tano mambo huanza upya kabisa, nusu kwa nusu. Hizo nne zilizopita hazina deni wala kinyongo.

Naomba pia nieleweke vizuri katika hili: sikusudii lawama itolewe kwa mke ikawekwe kwa mume. Baba ndiye chanzo cha tofauti, lakini baba hachagui. Hakuna mwanamme anayeweza kuiamuru mbegu gani itangulie. Wazee wetu wakulima wanalijua hili kuliko mtu yeyote: aliyepanda muhogo haendi kuigombeza ardhi kwa kuwa haikumpa mpunga. Ninachokiomba ni kwamba mwanamme huyu aambiwe ukweli, aache kuigombeza ardhi, na asipewe sababu mpya ya kujichukia mwenyewe.

Baada ya hayo, malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Watu wa kwanza kumsikitikia mama ni wale wa kituo cha afya. Nitasema nilichokiona kwa macho yangu. Mtoto wa marehemu kaka yangu alijifungua binti yake wa nne katika kituo ambacho sitakitaja. Nilikuwepo, nimeshika kanga za kumpokelea mtoto. Muuguzi alimfuta mtoto vizuri, akampima, akaandika kilo tatu na robo kwenye kadi, kazi safi kabisa. Kisha akamgeukia mzazi, akamwambia: "Pole mwanangu, Mungu atakupa mwanamme safari ijayo." Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na akasikia. Hakuingia ndani. Mume alikuja jioni, akauliza, akajibiwa, akauweka mfuko wa nguo juu ya benchi na akaondoka. Talaka ilifika kabla ya arobaini kwisha, kwenye karatasi ya daftari, mkononi mwa shemeji yake. Masheikh mnaosoma barua hii mnajua dini inasema nini juu ya kumwacha mke akiwa katika nifasi, yaani damu ya uzazi.

Simlaumu yule muuguzi kwa ubaya wa moyo, maana alikusudia kuliwaza. Lakini alikuwa na koti jeupe, na neno la mwenye koti jeupe ni hukumu. Angesema maneno machache tu, "hongera, mtoto mzima, na hili halitokani na mama", mkwe angelisikia hilo badala ya pole. Kwa nini hakuna mwongozo unaomtaka aseme hilo? Kuna mwongozo wa kunyonyesha, wa vidonge vya damu, wa vyandarua. Hili halina hata mstari mmoja.

Hapo hapo naunganisha ultrasaundi. Mtoto akiwa tumboni wiki ya 18 hadi ya 20 jinsia mara nyingi huonekana kwenye picha, na familia nyingi sasa hulipia kipimo kwa ajili hiyo tu. Majibu hutolewa mbele ya aliyelipa. Nawajua wanawake ambao manyanyaso yao yalianza siku ya kipimo, miezi minne kabla ya kujifungua. Picha ni ya mwili wa mama. Yeye ndiye aulizwe kwanza, peke yake, kama anataka kujua na kama anataka mwengine ajue.

2. Dawa ya kupata mtoto wa kiume inauzwa waziwazi. Hutangazwa kwa vipaza sauti siku za gulio, hutajwa katika vipindi vya redio vilivyolipiwa, na hupita kwenye simu. Aliyoletewa mtoto wa kaka yangu katika mimba ile ya nne ilikuwa kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, rangi ya kahawia, mashapo yamekaa chini kiasi cha vidole viwili, na kwenye kizibo pameandikwa kwa kalamu "asubuhi kabla ya kula". Bei yake ilikuwa shilingi elfu sitini, na ilinunuliwa kwa pesa iliyokuwa ya kulipia uzazi. Alianza kuinywa alipokuwa na mimba ya miezi miwili.

Fikirini, waheshimiwa. Miezi miwili! Jinsia imeshakwisha kupangwa tangu siku yai lilipoungana na mbegu. Hakuna mzizi, kidonge wala maji ya namna yoyote yatakayoigeuza X kuwa Y ndani ya kila chembe ya mtoto. Lakini miezi hiyo ya mwanzo ndiyo moyo wa mtoto unapoumbika, na uti wa mgongo, na mikono, na uso. Kinachoweza kufanywa na dawa isiyojulikana wakati huo ni madhara tu. India, katika jimbo la Haryana, watafiti walizichunguza dawa za namna hii ambazo wajawazito hupewa ili wapate wavulana. Walikuta ndani ya baadhi yake homoni, na wakakuta uhusiano kati ya kuzitumia na watoto kuzaliwa na kasoro za maumbile. Sisi tunasubiri nini?

Wapo pia wanaouza kalenda za "siku za kupata mwanamme". Wanadai mbegu za Y zina mbio zaidi, kwa hiyo mume akutane na mkewe siku fulani. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1995, uliowafuatilia wanawake 221 waliokuwa wakitafuta mimba, ulionesha kwamba siku ya kukutana ina athari katika kupata au kutopata mimba, lakini haina athari katika jinsia ya mtoto. Anayeuza kalenda ile atapatia karibu nusu ya mara zote, kama ambavyo angepatia hata kama asingesema kitu, na wale aliowapatia ndio watakaomsifu.

3. Kutafuta mtoto wa kiume kunawachosha wanawake mpaka kuhatarisha maisha yao. Shirika la Afya Duniani linashauri mama apumzike angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kubeba mimba nyengine. Mwanamke anayesukumwa kuleta mwanamme hapewi hiyo miezi. Anabeba huku bado ananyonyesha, damu haijarudi mwilini, na kadiri uzazi unavyoongezeka ndivyo hatari ya kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua inavyozidi. Wakunga wenu wanalijua hili vizuri kuliko mimi. Wanamhimiza mama apange uzazi, anawajibu "bado sijapata mwanamme", na mazungumzo huishia hapo kwa sababu hawakufundishwa la kumjibu.

4. Somo lipo, lakini linafundishwa kwa Kiingereza, sekondari, karibu na mtihani. Wanafunzi wangu walikuwa wakichora jedwali la X na Y vizuri kabisa na kupata alama zote. Ukimuuliza mmoja wao nje ya darasa, kwa Kiswahili, kwa nini mama yake mdogo kazaa mabinti watupu, atakujibu alivyojibiwa nyumbani: damu ya mama ina nguvu, au kuna husda. Yale ya darasani ni ya mtihani. Na walioacha skuli kabla ya kufika hapo, ambao wengi wao ndio leo waume na wakwe, hawakuyasikia kabisa.

5. Wako watoto wanaozaliwa na maumbile ya jinsia yasiyo wazi, au wenye kromosomu zisizo za kawaida, kama X moja peke yake au XXY. Ni wachache, lakini wapo, na hapa kwetu hufichwa ndani. Mama zao hulaumiwa mara mbili. Watoto hawa wanahitaji daktari mapema, na wazazi wao wanahitaji maelezo ya upole. Sitasema zaidi ya hapo kwa sababu ya sitara yao, lakini msiwasahau mtakapokaa kuandika mwongozo.

Najua mtakavyonijibu, kwa sababu nimeshajibiwa.

Mtasema ni mambo ya familia. Matunzo ya watoto yanapokatwa, mwanamke akapanda gari ya kwenda mahakama ya kadhi na mabinti wanne, mmoja mgongoni, hayo si ya familia tena, ni ya serikali, na gharama yake mnaibeba nyinyi pamoja na ukoo wake.

Mtasema jinsia ya mtoto ni kudra ya Mwenyezi Mungu na tusiingie huko. Hapo hasa ndipo ninapotaka tuingie pamoja. Suratu Shura, aya ya 49 na ya 50, inaeleza kwamba Allah humpa amtakaye watoto wa kike, humpa amtakaye wa kiume, wengine huwachanganyia, na amtakaye humjaalia kuwa tasa. Wa kike ndio waliotangulizwa kutajwa, na wote wameitwa kipawa. Suratu Najm, aya ya 45 na ya 46, inasema kwamba ameumba jozi mbili, dume na jike, kutokana na tone la manii linapomiminwa. Na Suratu Nahl, aya ya 58 na ya 59, imemkemea yule anayepewa habari ya mtoto wa kike uso wake ukasawijika. Mtume wetu, rehma na amani zimfikie, wanawe wa kiume walifariki wakiwa wadogo, na walioishi mpaka wakawa watu wazima ni mabinti: Zainab, Ruqayya, Ummu Kulthum na Fatima. Kwa hiyo mwenye kuamini kudra hana pa kuipata ruhusa ya kumwadhibu mke. Anayemwacha mke kwa ajili ya hili ndiye anayeigombeza kudra.

Mtasema wanaume hawaji kliniki. Wengine hawaji, ni kweli. Lakini wanakwenda msikitini Ijumaa, wanakaa baraza ya kahawa, wanasikiliza redio wakichambua karafuu, na wahudumu wa afya wa jamii wanapita nyumba kwa nyumba. Nani kasema lazima elimu hii isubiri kwenye benchi la kliniki?

Mtasema hakuna fedha. Sentensi tatu kwenye kadi ya kliniki zinatumia wino ule ule unaochapia kadi.

Na liko jambo moja ambalo halitasemwa kwa sauti, nalo ni mirathi. Mwanamme mwenye mabinti watupu anajua kwamba mabinti wawili au zaidi watapata thuluthi mbili ya mali yake wagawane, binti mmoja peke yake atapata nusu, na baada ya wenye mafungu wengine kupewa chao, kinachobaki huenda kwa ndugu zake wa kiume. Anaiogopa mikarafuu yake kuingia mikononi mwa watu wengine. Hofu hiyo naiheshimu, ni ya kibinadamu. Lakini dawa yake si kumwacha mke. Sheria ya dini inamruhusu awape wanawe hiba, yaani zawadi, angali hai, kwa uadilifu na kwa maandishi. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ina watu wanaoweza kuwaeleza wananchi jambo hili kijiji kwa kijiji, na naamini elimu hiyo peke yake ingeokoa ndoa nyingi.

Ninayoyaomba, waheshimiwa, ni haya.

Kwa wenye dhamana ya afya: toeni mwongozo wa maandishi kwa vituo vyote vya Unguja na Pemba kwamba katika hudhurio la kwanza la mjamzito, na tena baada ya kujifungua, aelezwe yeye na aliyemsindikiza kwamba jinsia ya mtoto hutokana na mbegu ya baba, kwamba hakuna anayeichagua, na kwamba hakuna dawa ya kuibadilisha. Maneno hayo yachapishwe kwenye kadi. Mkatazeni mtumishi yeyote kumpa pole mzazi wa mtoto mzima. Wekeni utaratibu wa majibu ya ultrasaundi kutolewa kwa mama kwanza. Muwape wahudumu wa jamii somo hili katika mafunzo yao.

Kwa wanaosajili na kusimamia tiba asili: sina ugomvi na tiba asili, nimekunywa mwarubaini tangu utotoni. Mfutieni leseni anayeuza dawa ya kubadilisha jinsia ya mimba, na mzipeleke chupa hizo zikapimwe maabara, na majibu yatangazwe.

Kwa wanaosimamia utangazaji: zuieni matangazo hayo redioni, na kituo kilichochukua pesa za matangazo hayo kitoe nafasi ya muda ule ule kwa mkunga au daktari asahihishe.

Kwa wenye dhamana ya elimu: somo hili lifundishwe pia kwa Kiswahili, mapema zaidi, kwa lugha ambayo mtoto ataweza kuirudia jikoni kwa bibi yake. Nitajitolea kuliandika. Sitaki malipo.

Kwa Ofisi ya Mufti na maimamu: hutuba moja ya Ijumaa, visiwa vyote viwili, juu ya aya zile nilizozitaja. Na kadhi anayepokea shauri la talaka ya namna hii amwite mtaalamu wa afya amweleze mume mbele yake, kabla ya mambo kufika pasiporudika.

Mtoto wa kaka yangu sasa yuko kwangu na wanawe. Mkubwa yuko darasa la sita, anapenda hesabu, na ameniuliza mwenyewe kwa nini baba yao amewakataa. Nimemchorea X na Y kwenye mchanga wa uani, akaelewa kwa mara moja. Mwanamme mzima naye ataelewa akielezwa, na kazi ya kumweleza mmekabidhiwa nyinyi.

Naomba nijibiwe kwa maandishi kupitia kwa sheha wa shehia yangu. Nakala ya barua niliyogongewa muhuri nitaipeleka kwa ofisi yoyote itakayoihitaji. Wanawake wengine wa hapa Wete, Konde na Micheweni wako tayari kuja kueleza yao mbele yenu, kwa sharti kwamba majina yao yahifadhiwe.

Wabillahi tawfiq.

Wenu katika kulitumikia taifa,

Mwalimu mstaafu
Wete, Pemba